Musaada wa Serikali kwa Afya ya Jamaa Yako

Ndugu musomaji, na wewe mama unayekaa nje ya kituo cha afya ukingojea zamu yako, tunataka kukufundisha jambo moja ambalo watu wengi hawalijui vizuri. Wengi wanakufa, si kwa sababu dawa haiko, lakini kwa sababu hawakujua kama dawa iko, wala hawakujua kama inatolewa bila kulipa. Mutu mumoja anakohoa miezi sita nyumbani akisema, "Sina feza ya hospitali." Mama mwingine anazalia shambani akiogopa bei. Na dawa ya yule mutu ilikuwa katika sanduku la kituo, safari ya saa moja tu kutoka nyumba yake. Hii ni huzuni kubwa, na inafaa tuiondoe.

Basi soma maneno haya polepole. Kama hujui kusoma, umwombe mutoto wako wa shule akusomee.

1. GINSI KAZI INAVYOPANGWA

Katika inchi yetu ya Kongo kila mutu yuko chini ya zone moja ya afya. Mupango huu ulianza zamani. Mwaka 1985 inchi yote ilikuwa imegawanywa katika zone 306, na leo hesabu yao inapita 500. Zone si hospitali peke yake. Ni kama muti wenye matawi. Shina lake ni hospitali kubwa ya zone, na matawi yake ni vituo vya afya vilivyo katika vijiji na mitaa. Kila kituo kina eneo lake, na kwa mupango eneo moja lina watu karibu 10,000.

Hospitali nyingi za zone ni za makanisa. Waprotestanti wanazo, Wakatoliki wanazo. Watu wengine wanafikiri kwamba hospitali ya misioni haihusu Serikali. Si kweli. Hospitali ya kanisa ikiwa hospitali ya zone, inafanya kazi moja na Serikali. Chanjo ya Serikali inatolewa pale, na dawa ya kifua kikuu ya Serikali inatolewa pale vilevile. Kwa hiyo usiseme, "Mimi ni wa kanisa lingine, siwezi kuingia." Afya haiulizi kanisa lako.

Anza siku zote kwa kituo cha eneo lako. Muuguzi mukubwa wa kituo, yule tunayemwita titulere, akiona ugonjwa unapita nguvu zake, atakupa barua ya kwenda hospitali kubwa. Mutu anayekimbilia hospitali kubwa bila barua mara nyingi analipa zaidi, tena anapoteza wakati. Lakini kama kuna hatari ya kufa, kama damu inayotoka kwa nguvu au mutoto anayetetemeka kwa degedege, usingoje barua. Nenda upesi.

2. KILA MUTOTO AANDIKWE

Yosefu na Maria walifunga safari hata Betelehemu kwa sababu ya kuandikwa. Safari ilikuwa ndefu na Maria alikuwa na mimba, lakini walikwenda. Leo safari ya kuandikisha mutoto ni fupi zaidi, lakini wazazi wengi hawaifanyi.

Sheria ya kulinda watoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009, inasema kila mutoto aandikwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa, na kuandikwa huko hakulipwi. Angalia vizuri, maana hapa watu wanakosa. Karatasi ambayo hospitali inakupa baada ya kuzaa si mwisho wa kazi. Karatasi ile ni ushuhuda tu kwamba mutoto alizaliwa. Inafaa uipeleke kwa ofisi ya Serikali inayoandika watu, na ofisi ile ndiyo inayotoa cheti cha kweli cha kuzaliwa.

Siku 90 zikipita, ofisi haiwezi tena kuandika mutoto hivi tu. Inakuwa lazima kwenda mbele ya baraza la hukumu la watoto kutafuta hukumu, na jambo hili linakula wakati na feza. Baba, usiseme, "Nitakwenda baada ya mavuno." Mavuno yatakuja kila mwaka, lakini siku 90 za mutoto hazirudi.

Cheti kina faida gani? Mutoto asiye na cheti ni kama mutu asiye na umri. Ni vigumu kuonyesha kwamba binti yako ni mudogo wakati mutu mukubwa anataka kumwoa. Ni vigumu kuonyesha kwamba kijana wako hajafika umri wakati wenye silaha wanamuchukua. Na mutoto aliyepotezana na wazazi katika kukimbia vita anatafutwa kwa shida. Pahali ambapo vita vimefunga ofisi, chunga karatasi ya hospitali ndani ya mufuko wa plastiki pamoja na Biblia yako, na ukikimbia, kimbia nayo.

3. SIKU YA KILO NA CHANJO

Chanjo za watoto hazilipwi. Serikali, pamoja na wasaidizi wa inchi zingine, inazinunua kwa ajili ya kila mutoto. Siku ya kilo, yaani siku ya kupima watoto, umulete mutoto wako hata kama anaonekana muzima kabisa. Chanjo ni kama ukuta wa lupango. Hauujengi wakati mwizi amekwisha kuingia.

Shika siku hizi katika moyo wako:

Akizaliwa: chanjo ya kifua kikuu kwenye mukono, na matone ya polio mudomoni.

Juma la 6, juma la 10 na juma la 14: chanjo inayozuia magonjwa matano pamoja, maana ndani yake kuna ya pepopunda, ya kifaduro na ya difteria. Siku hizo anapata tena matone ya polio, chanjo ya ugonjwa wa mapafu, na chanjo ya kuharisha kubaya.

Mwezi wa 9: chanjo ya surua na chanjo ya homa ya manjano.

Mwezi wa 15: chanjo ya surua mara ya pili.

Tangu mwaka 2024 kuna vilevile chanjo ya malaria kwa watoto wadogo. Ilianza katika mukoa wa Kongo-Central. Umuulize munganga kama imefika katika zone yako. Na hata mutoto akiipata, aendelee kulala ndani ya chandarua.

Wazazi wengine wanaleta mutoto mara moja tu, kisha wanaacha. Wanasema, "Alipata homa baada ya sindano." Homa ndogo ya siku moja au mbili ni alama kwamba mwili unajifunza kupigana. Surua yenyewe si homa ndogo. Mwaka 2019 surua ilipita katika inchi yetu yote. Wakati uleule Ebola ilikuwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na dunia yote ilitazama Ebola. Ebola ile iliua watu zaidi ya 2,200. Lakini surua, ambayo watu wanaiita ugonjwa wa watoto tu, iliua zaidi ya 6,000, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Ndugu, ugonjwa ambao umeuzoea unaweza kuua kuliko ugonjwa unaouogopa.

Chunga fishi ya chanjo. Usiifanye karatasi ya kuwasha moto. Wakati mwingine waganga na wasaidizi wa kijiji wanapita pia kugawa matone ya vitamini A kwa watoto tangu miezi 6 hata miaka 5, na vidonge vya minyoo kwa wale waliopita mwaka mumoja. Vitu hivi ni vya bure. Usimufiche mutoto.

4. MAMA MWENYE MIMBA

Mama, usingoje tumbo lionekane na kila mutu ndipo uende kupimwa. Enda tangu miezi mitatu ya kwanza. Kituoni watapima damu yako na uzito wako. Utapata sindano ya pepopunda, vidonge vya kuongeza damu, na vidonge vya kuzuia malaria. Katika mupango wa Serikali mama mwenye mimba anapata vilevile chandarua chenye dawa. Chandarua hicho ni chako na cha mutoto. Si cha kufunika kuku, wala cha kuvua samaki.

Watapima damu yako tena kwa ajili ya ukimwi. Usiogope. Mama mwenye virusi vya ukimwi akikunywa dawa yake kila siku wakati wa mimba, wakati wa kuzaa na wakati wa kunyonyesha, anaweza kuzaa mutoto muzima. Dawa hii hailipwi. Baba, nawe ukubali kupimwa pamoja na bibi yako. Mume anayemufukuza bibi yake kwa sababu ya ugonjwa, hali yeye mwenyewe hajapimwa, anahukumu katika giza.

Mwezi wa 9 mwaka 2023 Serikali ilianza Kinshasa mupango wa kulipia mama wenye kuzaa, kisha mupango ukaendelea katika mikoa mingine. Katika mupango huo Serikali inalipa hospitali kwa ajili ya kupima mimba, kuzaa kwa kawaida, kuzaa kwa operesheni, na kutunza mutoto muchanga. Lakini mupango haukuanza pahali pote siku moja, wala katika kila hospitali. Basi usingoje siku ya uchungu ndipo uulize. Siku ya kwanza unapopima mimba, uliza maneno haya: "Je, hapa kuzaa ni kwa bure? Kama si kwa bure, ni bei gani? Na operesheni ni bei gani?" Ukikwisha kujua bei, wewe na mume wako muanze kuweka feza kidogo kidogo tangu mwezi ule.

Tuchukue mufano. Mama wawili wanakaa katika mutaa mumoja. Wa kwanza aliuliza mapema, akajua bei, akaweka feza kila juma alipouza mboga. Wa pili aliona haya kuuliza. Uchungu ulipomushika usiku, mume wake alianza kuzunguka kwa ndugu kutafuta feza, na mama alikaa nyumbani hata asubuhi. Mama huyu anahitaji operesheni usiku ule, lakini masaa yanakwisha katika kutafuta feza. Haya ya dakika moja inaweza kuua watu wawili.

5. MAGONJWA AMBAYO DAWA YAKE HAILIPWI

Kuna magonjwa ambayo Serikali haitaki mutu akose dawa kwa sababu ya umaskini, kwa maana mugonjwa mumoja asiyetunzwa anawaambukiza wengine.

Kifua kikuu. Mutu akikohoa majuma mawili au zaidi, apimwe makohozi. Kama ni kifua kikuu, atapata dawa bila kulipa. Dawa inaendelea miezi 6. Miezi 2 ya kwanza ana dawa za namna nne, na miezi 4 inayofuata namna mbili. Baada ya mwezi mumoja mugonjwa anaanza kula vizuri, naye anasema, "Nimepona." Hapo ndipo hatari ilipo. Akiacha, ugonjwa unarudi na nguvu, na dawa ya kwanza haiuwezi tena. Kata muti hata mizizi, si matawi tu.

Ukimwi. Dawa yake inatolewa bila kulipa, na inakunywewa kila siku maisha yote. Haiondoi virusi, lakini inavifunga kama mbwa mukali anayefungwa kwa munyororo. Ukimufungua, atauma. Wale wanaokuambia uache dawa kwa sababu umekwisha kuombewa, uwajibu kwa upole, "Mungu aliyesikia maombi ndiye aliyenipa dawa hii."

Ukoma. Ukiona doa katika ngozi ambalo halisikii kuchomwa wala moto, nenda kituoni. Dawa ni ya bure, ya miezi 6 au 12. Mukoma anayetunzwa mapema haharibiki vidole, na baada ya kuanza dawa haambukizi wengine. Kumutenga ni zambi bila sababu.

Malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbungo. Zamani dawa yake ilikuwa ya sindano kali. Tangu mwisho wa mwaka 2018 kuna vidonge vilivyokubaliwa katika inchi yetu, vya kunywa siku 10. Vilijaribiwa hapa hapa Kongo na daktari Wakongo pamoja na wenzao. Kikundi cha kupima kikifika katika kijiji chako, watu wote watoke kupimwa, hata wale wanaojiona wazima.

6. MUTU ALIYETENDEWA KWA NGUVU

Tunasema neno hili waziwazi, kwa sababu kunyamaza kunaua. Mwanamuke, binti, mutoto au hata mwanaume akishikwa kwa nguvu, apelekwe hospitali upesi, kabla ya masaa 72 kupita, yaani siku tatu. Katika masaa yale iko dawa ya kuzuia ukimwi, na dawa ya kuzuia magonjwa mengine na mimba. Dawa hizi zimewekwa kwa kutolewa bila kulipa. Na kama siku tatu zimepita, apelekwe vilevile, maana vidonda vya mwili na vya roho vinahitaji kutunzwa.

Munajua hospitali ya Panzi kule Bukavu. Ni hospitali ya kanisa la Waprotestanti, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Maelfu ya wanawake walitunzwa pale. Aliyetendewa vibaya hana kosa. Mume asimufukuze, na kanisa lisimuweke chini ya adabu.

7. MAMBO YANAYOLIPWA

Hatutaki kukudanganya. Si kila kitu ni cha bure. Mara nyingi mugonjwa analipa kupimwa kwa kawaida, operesheni, kitanda, na dawa za magonjwa mengine. Dawa ya kifua kikuu ni ya bure, lakini safari na chakula ni juu yako. Kwa hiyo jamaa yenye akili inaweka akiba.

Njia nyingine ni mutuele. Watu wa eneo moja wanatoa feza kidogo kila mwaka wakati wako wazima. Mumoja akigonjwa, kikundi kinalipa sehemu kubwa ya deni lake. Tangu mwaka 2017 iko sheria ya Serikali inayotengeneza kazi ya vikundi hivi. Uliza kama iko mutuele karibu nawe, na ujue wanaoichunga ni nani, hesabu zao zinaonyeshwa wakati gani, na hospitali gani zinaikubali.

8. KAMA MUTU ANAKUDAI FEZA KWA KITU CHA BURE

Pengine utaambiwa, "Toa kitu kidogo ndipo mutoto apate chanjo." Usipige kelele, wala usirudi nyumbani bila chanjo. Fanya hivi:

Kwanza, uliza kwa heshima, "Feza hii ni ya nini?" Pengine ni ya fishi au ya kitu kingine kinacholipwa.

Pili, tazama bei zilizobandikwa ukutani, na omba risiti. Feza ya haki haiogopi risiti.

Tatu, enda kwa titulere. Kama hakusikii, enda kwa kamiti ya afya ya eneo, ile inayoitwa CODESA. Watu wake wanachaguliwa na wakaaji wenyewe, na kazi yao ni kupeleka sauti yako. Kama bado hakuna jibu, neno lifike kwa daktari mukubwa wa zone.

Usione haya. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika sheria yake ya 47, inasema kwamba afya ni haki ya mutu. Haki si zawadi ya kuombwa kwa magoti. Lakini kumbuka vilevile kwamba waganga wengi wanafanya kazi bila mushahara kufika kwa wakati. Uwaheshimu wale wanaofanya kazi kwa haki, na uwashukuru.

9. KAZI YA KANISA

Yule Musamaria katika mufano wa Bwana wetu hakumufunga mugonjwa vidonda tu. Alimupandisha juu ya punda wake, akamupeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kurudi. Vivyo hivyo Mukristo asiseme, "Serikali itafanya yote." Dawa iko kituoni, lakini nani atamubeba mugonjwa kufika kule? Nani atamukumbusha jirani mwenye kifua kikuu katika mwezi wa nne, wakati amechoka na vidonge? Nani atakwenda pamoja na mujane asiyejua kusoma kuandikisha mutoto wake? Kazi hii ni yako na yangu.

Juma hili, kabla ya Siku ya Bwana, tafuta jamaa moja katika mutaa wako. Uwaulize, "Mutoto ameandikwa? Fishi ya chanjo iko wapi? Nani anakohoa hapa?" Maulizo haya matatu yanaweza kuokoa maisha ya mutu.

MAULIZO

1. Mutoto aandikwe kwa ofisi ya Serikali katika siku ngapi baada ya kuzaliwa?
2. Karatasi ya hospitali na cheti cha kuzaliwa vinapitana namna gani?
3. Mutoto anapata chanjo ya surua mara ngapi, na katika miezi gani?
4. Kwa nini mugonjwa wa kifua kikuu asiache dawa baada ya mwezi mumoja?
5. Mutu aliyeshikwa kwa nguvu afike hospitali kabla ya masaa mangapi?
6. Ukidaiwa feza kwa chanjo, utafanya nini kwanza?
7. Katika mutaa wako, nani anahitaji kusikia maneno haya leo?